Je, Cheti Huzeeka?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali moja kabla hatujafika mbali: cheti chako kiko wapi? Changu cha kidato cha nne kimo ndani ya bahasha ya kaki, bahasha imo ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko umo ndani ya sanduku la bati la mama, na sanduku liko uvunguni. Hutoka siku za usaili tu, kisha hurudi kulala. Kinasema kwamba mwaka ule, mwezi wa kumi na moja, nilijua Jiografia kiasi cha kupata C. Leo ukinisimamisha barabarani ukaniuliza habari za mikunjo ya miamba nitakutumbulia macho tu. Lakini cheti bado kinasema C. Kitasema C mpaka nife, na nikishazikwa kitaendelea kusema C.

Nalisema hili kwa sababu vyeti ndiyo kazi yangu. Mchana natoa fotokopi kwenye steshenari moja huku Mbagala, usiku naandika. Kila siku vyeti vinapita mikononi mwangu kama samaki kwa muuza samaki: vya kuzaliwa, vya ndoa, vya ufundi cherehani, vya udaktari. Watu huvishika kwa ncha za vidole. Ukitaka kumwona mtu mzima anatetemeka, mwambie mashine imeng'ang'ania cheti chake halisi.

Uzito wa karatasi hizi niliujua vizuri mwaka 2017. Tarehe 28 Aprili mwaka huo, kule Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Wakaambiwa waondoke kazini. Kijiweni kwetu moto uliwaka. Wapo waliosema safi sana, walizidi. Wapo waliouliza: sasa huyu nesi aliyetudunga sindano miaka yote hii, na hakuna mtoto aliyevimba, leo amekuwa muuaji kwa sababu ya karatasi? Tulibishana wiki nzima, chai kwa chai, juu ya cheti bandia. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza juu ya cheti halali. Kwamba mtu anaweza kuwa na cheti kisicho na doa, chenye mhuri na saini na picha, na elimu iliyokuwa nyuma ya cheti hicho ikawa imekwishachacha siku nyingi kama maziwa ya juzi. Huyo naye tumfanyeje?

Swali hilo halikunijia kwa akili zangu. Lililetwa na riwaya. Nina riwaya ninayoiandika, iko sura ya saba, na iko sura ya saba tangu mwaka juzi. Mhusika wangu mkuu ni kijana wa Tanga aliyekwenda kusoma Marekani akawa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu katika jiji la Chicago. Kazi hiyo nilimchagulia kwa sababu mbili. Ya kwanza, kusema kweli, ni kwamba inatisha ukiitamka. Ya pili ni bibi yangu, ambaye nitamsema huko mbele. Basi ninaye binamu aliyeko huko huko Chicago, ni msaidizi wa wauguzi hospitalini, nikamtumia sura tatu asome. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, tena anacheka: "We bwana, daktari wako huyu ana miaka ishirini kazini, na sijamwona hata siku moja anafungua kitabu. Anakunywa kahawa tu na kuachwa na wanawake. Huku wenzake wanasoma mpaka wanakonda. Wasiposoma cheti kinakufa."

Cheti kinakufa! Nikaacha kuandika, nikaanza kusoma habari za jambo hilo, na mpaka leo sijamaliza.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo hata mimi nilivichanganya. Kule kuna leseni na kuna cheti cha ubingwa. Leseni hutolewa na jimbo, na bila hiyo huruhusiwi kumtibu mtu. Cheti cha ubingwa hutolewa na bodi, nayo si serikali, ni chombo cha madaktari wenyewe. Kwa fani hii bodi kubwa ni ile ya Marekani ya Magonjwa ya Akili na Mishipa ya Fahamu, iliyoundwa mwaka 1934. Kisheria halazimishwi mtu kuwa na cheti chake. Lakini hospitali nyingi hazikupokei bila hicho, na kampuni nyingi za bima haziweki jina lako kwenye orodha zao. Kwa hiyo ni hiari ya namna ile ya mchango wa harusi. Wote tunajua hiari ya mchango wa harusi.

Kwa miaka sitini hivi cheti hicho kilikuwa cha maisha. Ukifaulu mara moja, umefaulu. Kisha ikaja tarehe 1 Oktoba 1994. Kuanzia siku hiyo kila aliyefaulu mtihani wa bodi alipewa cheti cha miaka kumi, na miaka kumi ikikatika sharti arudi kwenye chumba cha mtihani pamoja na vijana wadogo. Baadaye hata hiyo miaka kumi ilionekana mingi, na tangu mwaka 2012 wanaopata vyeti wanawekwa kwenye utaratibu wa kuendelea mfululizo: kila mwaka kuna ada, kila miaka mitatu kuna saa za masomo za kuonyesha, na kuna kujipima kazi yako mwenyewe.

Na wale waliopata kabla ya Oktoba 1994? Wao waliachiwa cheti chao cha maisha. Hakuna anayewadai kitu. Hebu fikiria vijana wawili waliosoma darasa moja, wakakesha pamoja, mmoja akapewa cheti Septemba na mwingine Oktoba. Wa Septemba hatadaiwa kitu mpaka anaingia kaburini. Wa Oktoba atakuwa mwanafunzi mpaka anastaafu. Mantiki yake ni nini, jamani? Kama elimu ya daktari huchakaa, basi ya mzee imechakaa zaidi kuliko ya kijana. Kama haichakai, huyo kijana anasumbuliwa kwa nini? Mimi naona jibu ni la kibinadamu tu. Waliopanga sheria hawakuona vyema kuwapokonya watu walichoahidiwa, na pengine wao wenyewe walikuwa na cha maisha ukutani. Hata kwenye kikao cha ukoo, anayepanga kazi ya kuchimba kaburi ni nadra kushika jembe.

Lakini ajabu kubwa iko kwenye tarehe zenyewe. Kiharusi cha aina iliyo ya kawaida zaidi hutokea pale bonge la damu linapoziba mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini madaktari hawakuwa na dawa iliyokubalika ya kuliyeyusha bonge hilo. Walimlaza mgonjwa, wakampima, wakangoja. Desemba 1995 ukachapishwa utafiti wa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na mwaka 1996 Marekani ikairuhusu itumike kwa kiharusi, ila kwa masharti: ianze kutolewa ndani ya saa tatu tangu dalili zianze. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukaonyesha kwamba inasaidia hata kufikia saa nne na nusu. Mwaka 2015 zikaja tafiti za kupenyeza mrija mwembamba mpaka kichwani na kulivuta bonge lenyewe. Mwaka 2018 ikakubalika kwamba kwa wagonjwa fulani hilo laweza kufanywa hata ndani ya saa ishirini na nne. Kumbe basi cheti cha maisha kilitolewa kwa watu waliofanya mtihani wakati swali la "utaliyeyushaje bonge hili?" halikuwa na jibu!

Siwatukani wazee hao. Wengi wao wamesoma bila kusukumwa, na bila shaka baadhi yao ndio waliozifanya hizo tafiti. Nasema tu kwamba karatasi yao haitusaidii kumjua nani alisoma na nani alilala. Na muda katika ugonjwa huu si kitu cha kuchezea. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver alikadiria kwamba katika kiharusi kikubwa cha kuziba mshipa, ubongo hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika inayopita. Nilipoisoma tarakimu hiyo nilitazama saa ya ukutani pale dukani, nikahesabu dakika tuliyotumia kumtafutia bibi kanga safi ya kumfunika.

Sasa nimseme bibi.

Bibi alizoea kuniita "mume wangu," kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kiume. Mwaka 2021, asubuhi moja baada ya sala, alitaka kuniita akashindwa. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea kama kitambaa. Tukambeba kwa bajaji mpaka kwenye zahanati ya daktari mmoja anayeheshimika sana, ambaye jina lake silitaji na zahanati yake siitaji. Ni mzee wa watu, haombi rushwa, hapandishi bei, maskini humtibu bure. Ukutani kwake pana cheti kilichowekewa fremu ya mbao na kioo, cha miaka ya themanini, kimekuwa cha njano pembeni. Nakumbuka kwamba nilikitazama cheti hicho nikatulia moyo. Nilijiambia, hapa tumefika.

Daktari alimpima bibi presha, akamwangalia macho, akatuambia kwa upole kwamba ni kiharusi, na kwamba kiharusi dawa yake ni mazoezi na Mungu. Akaandika dawa za presha. Akasema: "Msimwache akae na njaa, atapoteza nguvu. Mpeni vitu laini. Mpeni uji."

Tukarudi nyumbani. Kazi ya uji nikapewa mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa mume. Nilimwegemeza kwenye mto nikamlisha kijiko kwa kijiko. Alikuwa akipaliwa. Anakohoa, namfuta mdomo, nangoja, nampa tena. Kila alipomaliza kikombe nilijisifu mbele ya shangazi kwamba leo bibi kala vizuri. Siku ya tatu akashikwa na homa, pumzi zikawa zinakoroma. Tukampeleka hospitali kubwa. Nesi aliyetupokea alikuwa msichana, nadhani tunalingana umri. Aliuliza swali moja tu kabla ya kuandika jina: "Nani amekuwa akimlisha?" Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

Akanieleza bila ukali. Kiharusi kinaweza kulemaza hata koo. Mgonjwa anaweza kuonekana anameza, kumbe chakula kinaingia kwenye njia ya hewa, kinakwenda mapafuni, na huko kinaleta nimonia. Kwa hiyo kabla ya kumpa mgonjwa wa kiharusi chochote mdomoni, hata kidonge, sharti apimwe kumeza. Anakalishwa wima, anapewa maji kidogo kwa kijiko, anatazamwa: amekohoa? Sauti imekuwa ya majimaji? Akishindwa, hapewi kitu kwa mdomo mpaka ipatikane njia nyingine. Basi. Hakuna mashine wala mrija wa kupenya kichwani. Ni kijiko, maji na mtu anayejua.

Bibi alifariki siku ya tisa.

Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka yote hii. Wako watakaoniambia kwamba ile dawa ya 1996 isingepatikana kwenye zahanati ya mtaani hata kama daktari angeijua kwa jina na kwa bei, kwa hiyo nisimlaumu. Nakubali, kwa dawa simlaumu. Mtu hawezi kukupa kisichokuwemo kabatini. Ningemlaumu kidogo kwa kutotupeleka mbele siku ile ile. Lakini kijiko kilikuwapo. Maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni kitu kisichouzwa dukani, nacho ni kwamba mzee yule awe amesikia jambo ambalo msichana wa umri wangu amelisikia. Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Australia, ambako manesi wa wodi za kiharusi walifundishwa kushughulikia mambo matatu tu, yaani homa, sukari ya damu na kumeza. Baada ya siku tisini, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa wachache zaidi miongoni mwa waliotunzwa hivyo. Kutoka 2011 mpaka 2021 ni miaka kumi. Miaka kumi! Ndio ule ule muda wa cheti cha Oktoba.

Hapa ndipo falsafa yenyewe ilipo, na naomba tuende polepole. Je, kutojua ni kosa?

Mimi pia sikujua. Mkono uliomlisha bibi ulikuwa wangu, si wa daktari. Kama kutojua ni kosa, basi mimi ndiye mkosaji wa kwanza, na kuna usiku ninaamini hivyo. Lakini mbona mchana najisamehe, na yule mzee siwezi kumsamehe kwa urahisi huo? Nilidhani ni chuki tu, au ni kule kutafuta wa kumbebesha. Nikaja kuona kwamba tofauti yetu iko ukutani. Mimi sikuwa nimetundika kitu chochote kinachomwambia mgonjwa, niamini. Yeye alikuwa ametundika. Ile fremu ilisema nami kabla yeye hajafungua mdomo, na ilisema kwa wakati uliopo. Haikusema "huyu alijua." Ilisema "huyu anajua." Mzee hakunidanganya hata neno moja. Cheti kilinidanganya kwa niaba yake, na ubaya zaidi ni kwamba kilikuwa kinamdanganya hata yeye.

Kwa hiyo naona tumekosea tangu mwanzo kufikiri kwamba cheti ni zawadi ya kazi iliyokwisha, kama kombe la mpira. Kombe la mwaka 1985 ni la 1985 na hakuna anayedai turudie mechi. Cheti cha kutibu watu kinafanana zaidi na ahadi, na anayeahidiwa ni mtu ambaye hajazaliwa pengine, atakayeingia mlangoni miaka thelathini baadaye mdomo umekwenda upande. Ahadi haiwezi kutimizwa mara moja siku ya mahafali.

Lakini sasa msikimbilie kusema, basi tuwarudishe wote kwenye mitihani! Madaktari wa Marekani wana malalamiko, na nimeyasoma, na mengi yana kichwa na miguu. Wanasema mtihani unakula fedha na unakula siku ambazo wangekaa na wagonjwa. Wanasema maswali hayafanani na kazi: daktari aliyekaa miaka kumi na mitano akitibu kifafa peke yake anaulizwa habari za misuli ya watoto wachanga ambao hatawaona kamwe. Wanasema bodi zinakusanya ada na kuitoza elimu kama ushuru wa soko. Mwaka 2014 daktari wa moyo aitwaye Paul Teirstein alianzisha waraka wa kupinga masharti ya bodi ya magonjwa ya ndani, na zaidi ya watu 19,000 wakatia saini. Mwaka 2015 bodi hiyo ikaomba radhi hadharani na kusimamisha baadhi ya masharti. Mwaka huo huo bodi nyingine ya kushindana nazo ikaanzishwa, yenye kutaka masomo ya kujiendeleza lakini isiyorudisha watu kwenye mtihani. Wengine wamekwenda mpaka mahakamani. Si watu wavivu hawa. Ni watu waliochoka kuhesabiwa.

Upande wa pili uko utafiti wa mwaka 2005 uliokusanya tafiti 62 kuhusu miaka ya uzoefu na ubora wa kazi ya daktari. Zaidi kidogo ya nusu ya tafiti hizo zilionyesha kwamba kadiri miaka inavyoongezeka kazi inashuka kwa kila kipimo walichotumia. Mimi niliposoma hayo nilibisha. Sisi tumelelewa kuamini kwamba mzee ndiye maktaba. Ukienda kwa fundi unamtafuta mwenye mvi. Kumbe uzoefu ni mwalimu mwenye upendeleo: hukufundisha yaliyokutokea, hakufundishi yaliyotokea kwa mwingine. Wagonjwa waliopaliwa na uji wakafia majumbani hawakurudi zahanati kumwambia yule mzee. Kwake walikuwa ni watu waliokwenda nyumbani na Mungu akapenda. Angefanya kazi miaka mia, uzoefu usingemfundisha kijiko.

Bodi ya mishipa ya fahamu kwa upande wake ilianza mwaka 2019 kujaribu njia nyingine, ambayo sasa ni ya kudumu kwa wanaoichagua badala ya mtihani wa miaka kumi. Daktari anapewa orodha ya makala za utafiti mpya, anachagua, anasoma akiwa nyumbani kwake, na kila makala ina maswali matano. Akipata manne katika jaribio la kwanza, makala hiyo imehesabika. Anatakiwa afikishe makala thelathini ndani ya miaka mitatu. Kitabu kimefunuliwa mbele yake, hakuna msimamizi anayetembea na viatu vya kulia kwa-kwa-kwa. Mi naipenda njia hii, nasema wazi. Naipenda kwa sababu haimuulizi mtu "unakumbuka nini?" Inamuuliza "umesikia?" Najua udhaifu wake: mtu mjanja anaweza kusaka maneno kwenye makala kama tulivyokuwa tukisaka kwenye ufahamu wa Kiingereza, akapata manne, akasahau kabla ya chajio. Hilo lipo. Lakini hata huyo mjanja, amepitisha macho. Yule mzee wetu hakupitisha.

Najuaje kwamba hakupitisha? Nilimwuliza.

Ilinichukua muda kupata ujasiri, na nilikwenda kwa kisingizio cha riwaya. "Shikamoo, daktari." "Marahaba, mwanangu. Bibi alikuwa mtu mwema." Alikuwa anakumbuka, na hilo lilinimaliza nguvu kabla sijaanza. Nikamweleza habari za Marekani, bodi, Oktoba 1994, makala thelathini. Alisikiliza kwa hamu kama mtu anayesimuliwa mpira. Mwisho nikamwuliza yeye mwenyewe, tangu amalize chuo, amewahi kupimwa tena?

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Semina nimekwenda nyingi," akasema. "Nimesaini, nimekula wali kuku, nimepewa cheti cha kuhudhuria. Ninavyo bahasha nzima. Lakini swali, mwanangu? Swali la kitaalamu, mtu anikalishe aniulize, wewe ungefanyaje hapa? Tangu mwaka 1986 sijaulizwa. Wagonjwa hawaniulizi, wananiogopa. Vijana hawaniulizi, wananiheshimu." Akatazama fremu yake kana kwamba ni dirisha. "Na mimi nikadhani huko kutoulizwa ndiko kufaulu."

Ndugu zangu wa kalamu, sikuwa na la kujibu. Nilikwenda pale nikiwa nimeandaa hotuba. Badala yake nikamwambia habari ya kijiko. Nilimwambia yote, mpaka swali la yule nesi na mkono wangu niliounyoosha. Alivua miwani akaishika mapajani. Alikaa kimya muda mrefu, nje mgonjwa mmoja akakohoa kwenye benchi. Hakusema samahani, na sijui ningefanya nini na samahani yake. Alichouliza ni kwamba hayo yameandikwa wapi.

Siku ya pili nikachapisha muhtasari wa ule utafiti wa Australia kwa mashine ya dukani, bosi hajui, nikampelekea. Aliuweka mezani, akaulaza vizuri kwa kiganja, akaanza kusoma huku kidole kinafuata mstari kama mtoto wa chekechea. Mimi nimesimama. Alipofika chini ya ukurasa akageuza, nyuma kulikuwa kweupe.

"Wa pili uko wapi?"

Nilikuwa nimeusahau kwenye mashine. Nikatoka mbio kuufuata.